Hajambo, Tunamshukuru Mungu

Tupokigwe alilelewa Tukuyu, kwenye nyumba ambayo mtu hakuruhusiwa kuumwa mbele ya wageni. Mama yake alikuwa mwimbaji wa kwaya ya Moravian, mwanamke mpole mwenye kitambaa cheupe kichwani, na kwake salamu ilikuwa sehemu ya ibada. Ukiulizwa habari, unajibu nzuri. Ukiulizwa hali ya mgonjwa, unajibu hajambo, tunamshukuru Mungu, hata kama mgonjwa mwenyewe yuko chumba cha pili anakata roho. Mengine yatakuja baadaye. Mgeni akishakaa, akishapewa chai, atauliza tena kwa sauti ya chini, "Sasa niambie, hali ikoje hasa?" Hapo ndipo unafungua moyo. Kutanguliza shida kabla ya shukrani, mama yake alisema, ni kumsuta Mungu mbele za watu.

Siku baba yake alipofariki, Tupokigwe akiwa binti mdogo wa shule ya msingi, alimwona mama yake akiwapokea waombolezaji mlangoni. "Hatujambo, karibuni ndani." Macho yamevimba, sauti imenyooka. Tupokigwe alisimama nyuma yake ameshika pindo la kanga, na hakulisahau hilo.

Alipoolewa na Brightson, fundi ujenzi, wakashuka Dar es Salaam. Walipata chumba Mabibo, kwenye nyumba ya kupanga yenye ua mmoja na bomba moja. Brightson kazi zake nyingi zilikuwa Kigamboni, ambako watu wanajenga kila kukicha, akawa analala hukohuko saiti na kurudi Jumamosi na vumbi la saruji kwenye nyusi. Tupokigwe akafungua kibanda cha chakula karibu na mabweni ya wanafunzi wa chuo. Alfajiri maandazi na chai ya maziwa, mchana chapati na maharage. Wanafunzi walimpenda kwa sababu alikuwa mtaratibu, na kwa sababu aliwapikia kama watoto wake.

"Mama Lusu, maharage ya leo yana upako," walimtania.

"Kuleni, wanangu, mkasome."

Lusu ndiye Lusungu, mtoto wake wa pekee, aliyempata baada ya mimba kadhaa kuharibika. Binti mwembamba, mwenye macho makubwa, anayempa kila mtu mzima shikamoo hadi wengine wanacheka. Alipokuwa na miaka mitano alipata homa kali iliyomtia degedege. Homa ikaondoka, lakini kuanguka hakukuondoka. Walimpeleka hospitali kubwa ya mjini, na huko, kwenye korido ndefu ambako hakuna hata mmoja aliyemjua, Tupokigwe alimweleza daktari kila kitu bila kuficha. Aliambiwa ni kifafa, akapewa vidonge. Vidonge vilifanya kazi. Mtoto aliyekuwa anaanguka mchana kweupe, tena mara kwa mara, akawa haanguki ila siku mojamoja, alfajiri, akiwa bado usingizini.

Kisha ikaja habari njema. Madaktari bingwa wa watoto sasa watakuja mtaani. Kila Jumatano ya mwisho wa mwezi watakaa kwenye kituo cha afya kilicho nyuma ya soko, katika ukumbi wa chanjo: wa moyo, wa mifupa, wa mishipa ya fahamu, kila mmoja na meza yake. Hakuna tena kuamka usiku wa manane kwenda mjini. Tangazo lilisomwa hadi kanisani, na akina mama wakapiga vigelegele. Tupokigwe naye alipiga, ila moyo wake ulikuwa mzito.

Alijua alichokuwa anakiogopa. Mtaa wa pili kulikuwa na mama aliyekuwa akiuza uji, uji mzuri wa ulezi. Siku moja kijana wake alianguka mbele ya wateja, povu likamtoka mdomoni. Watu wa mtaa wanaamini kifafa kinaambukiza. Wengine husema kwa povu, wengine kwa mkojo, wengine hata kwa upepo wa mgonjwa akiwa anatetemeka. Hakuna aliyemtukana yule mama. Waliacha tu kununua. Haukupita muda akafunga virago akarudi kwao Mtwara.

Jumatano ya kwanza Tupokigwe alimwandaa Lusungu kama anampeleka ubatizo. Alimwogesha, akampaka mafuta hadi magoti yakang'aa, akamvalisha gauni la Sikukuu, akamfunga utepe kwenye nywele. Kwenda mbele ya daktari bingwa na mtoto aliyechakaa ni kumdharau daktari. Walipofika ukumbini walikuta benchi refu limejaa, watu wanasogea makalio kwa makalio kila mmoja akiitwa. Na hapo katikati ya benchi, na kicheko chake kilichosikika hadi getini, alikuwa Jovina.

Jovina alikuwa mpangaji mwenzake, Mhaya wa Muleba, anauza ndizi sokoni Mabibo, mwanamke mnene mwenye mdomo usio na mlango. Alikuwa amempakata mwanawe Edgar mwenye matege.

"He! Mama Lusu! Na wewe umo? Huyu malaika ana nini jamani?"

"Kichwa, mwenzangu. Kinamsumbuaga."

"Hicho ni kusoma sana. Edgar wangu hatakaa aumwe kichwa, maana hakitumii."

Benchi lote likacheka, na Edgar akacheka kuliko wote.

Daktari wa mishipa ya fahamu alikuwa anaitwa Adelard. Kijana bado, mwenye adabu, ila alikuwa na sauti ya kuhubiri, kwa sababu ukumbi ni wa bati, watoto wanalia, na asipopaza hasikiki. Kati ya meza yake na benchi palikuwa na pazia la kijani tu, tena fupi. Tupokigwe alipoketi alihisi magoti ya Jovina yanagusa mgongo wa kiti chake kupitia kitambaa.

"Karibu, mama. Binti anaendeleaje tangu alipoanza dawa?"

Jibu lilimtoka lenyewe, kama pumzi. "Hajambo, baba daktari. Anaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu."

Halafu akangoja. Aliinamisha uso, akashika mikono pamoja, akangoja daktari amalize kuandika, asogee karibu na kuuliza tena kwa sauti ya chini, hali ikoje hasa. Angemwambia. Mungu ni shahidi, siku ile angemwambia yote, hata na magoti ya Jovina yakiwa pale nyuma. Lakini daktari alimsikiliza mtoto mapigo, akamwambia atembee kwa mstari, akamgonga magoti kwa kinyundo kidogo cha mpira, akaandika dawa ileile. "Vizuri sana. Tuonane mwezi ujao." Mwingine akaitwa.

Ikawa hivyo mwezi baada ya mwezi. Kwenda kulikuwa rahisi, kurudi rahisi, na katikati palikuwa na jibu lilelile.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Zile alfajiri ambazo Lusungu alitetemeka kitandani, Tupokigwe alimgeuza ubavu kama alivyofundishwa hospitali ya mjini, akaomba kimoyomoyo hadi mwili ukatulia. Kisha akatoa shuka lililolowa akalifua kabla wenzake hawajaamka. Lakini nguo zikianikwa kila mara uani zinauliza maswali. Ndipo alipoamua kusema kwamba mtoto ni kikojozi. Kikojozi anachekwa, basi. Hakimbiwi.

Na kuchekwa alichekwa. "Lusu!" Jovina aliita kutoka bombani asubuhi, shuka likipepea kambani. "Leo umechora ramani ya wapi? Naona kama Ziwa Victoria!" Watoto wa uani wakarukaruka wakimwimba. Lusungu akasimama mlangoni na sare ya shule, akasema, "Shikamoo, Mama Edgar," akainama kupita.

Siku moja alimuuliza mama yake huku akisukwa nywele. "Mama, mbona mie sikumbukagi nikikojoa?"

"Usingizi ndivyo ulivyo, mwanangu."

"Na ulimi? Mbona unaniuma?"

"Unaota vibaya, unajing'ata. Tulia, nisikuvute."

Tupokigwe alijua kuwa huo ni uongo, na kila Alhamisi kwenye maombi ya akina mama aliupeleka kwa Mungu pamoja na mtoto. Lakini alipotoka maombini alikutana na wateja wake wakimngojea na vikombe, akaona afadhali uongo mmoja mdogo kuliko njaa ya nyumba nzima.

Ulipita mwaka, na mwingine ukawa unaelekea mwisho. Jumatano moja Daktari Adelard alifungua faili, akarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, uso wake ukachanua.

"Mama, nakupongeza. Kila ukija unaniambia hajambo. Ni kweli kabisa hajaanguka muda wote huu?"

Ukumbi ulikuwa umejaa. Jovina alikuwa palepale nyuma ya pazia, akimsimulia mtu habari za bei ya ndizi.

"Kweli, baba."

"Hata usiku? Fikiri vizuri, mama. Hakuna siku ameamka amelowa, au ameuma ulimi, au amechoka bila sababu?"

Habari za ndizi zikakatika. Tupokigwe alisikia ukimya nyuma ya mgongo wake, ukimya wa mtu aliyetega sikio. Neno kulowa lilikuwa limetajwa. Angesema ndiyo, Jovina angejumlisha, na Jovina akijua, soko zima limejua kabla ya adhuhuri.

"Hapana, baba daktari. Tunamshukuru Mungu."

"Haya. Basi dawa hizi si za kunywa maisha yote kama ugonjwa umetulia. Tutazipunguza polepole, mwisho tuziache. Ila ukiona chochote, chochote kile, usingoje Jumatano. Mlete siku hiyohiyo. Umenielewa?"

"Nimeelewa, baba. Mungu akubariki."

Alitoka na kipakiti chepesi kuliko siku zote. Njiani, Lusungu akimshika kidole, alijaribu kujituliza. Huenda Mungu ndiye aliyesema kwa kinywa cha daktari. Huenda kweli ugonjwa unaondoka, na yeye kwa imani haba ndiye anayeng'ang'ania kuuona. Mtu wa maombi akiambiwa mwanao amepona atakataa? Alipofika nyumbani alipiga simu Kigamboni.

"Wamepunguza dawa," alimwambia mume wake.

Nyuma ya Brightson zege lilikuwa linachanganywa. "Si uliwaambia za alfajiri?"

"Nimewaambia."

"Basi kama wameambiwa na wamepunguza, wao ndio wanajua. Asante Yesu, mke wangu. Asante Yesu." Alisikika anawaambia wenzake kwa furaha kwamba binti yake anapona. Tupokigwe alikata simu, akakaa kitandani na simu mkononi hadi jua likahama dirishani.

Wiki za kwanza zilikuwa shwari, akaanza kuamini. Kisha alfajiri zikarudi, na safari hii zilikuja zimefuatana. Alipanga moyoni: Jumatano ijayo nitakwenda mapema kuliko wote, benchi likiwa tupu, nimwambie daktari kabla hajafungua mkoba. Usingoje Jumatano, daktari alisema. Lakini Jumatano ndiyo ilikuwa karibu, na kwenda siku nyingine kungetaka maelezo kwa muuguzi wa mapokezi, ambaye anaimba naye kwaya.

Shule zilikuwa zimefungwa. Lusungu alikuwa kibandani akimsaidia mama yake kupanga vikombe. Ilikuwa saa ya maandazi, wanafunzi wamejaa kwenye mabenchi, karai la mafuta liko jikoni linachemka. Tupokigwe alikuwa amegeuka kukata unga. Alisikia kikombe kikianguka. Alipogeuka tena mtoto alikuwa tayari amekakamaa, macho yamepinduka, na anaanguka upande wa jiko. Mkono wa kulia ukaingia kwenye karai.

Alimvuta. Karai likapinduka, mafuta yakamwagika chini na kuwaka kwenye mkaa, na Lusungu, nje ya moto sasa, aliendelea kutetemeka kwenye vumbi, povu linamtoka, mkono ule ukigonga ardhi kila mtetemeko. Wanafunzi walikuwa wameruka mabenchi. Walisimama kwa mbali, sahani mikononi.

"Kifafa hicho! Msimguse!" mmoja alipiga kelele. "Msimguse, kinaambukiza!"

"Mwageni maji!"

"Usimguse wewe!"

Tupokigwe alipiga magoti peke yake akijaribu kushika mkono usigonge, na ngozi ikamjia vidoleni. Ndipo alipoona miguu minene iliyovaa ndala inakuja mbio kutoka upande wa soko, na beseni la ndizi likitupwa chini.

"Tokeni hapa, wasomi wa bure!" Jovina alifoka. "Mnasoma nini huko ndani, eh? Wewe, lete ndoo ile ya maji! Wewe mwenye miguu kama ya korongo, kaite bajaji!" Alivua kanga yake ya juu, akaichovya majini, akaufunika ule mkono.

Kwenye bajaji Lusungu alilala mapajani mwa wote wawili, ametulia, hajitambui. Walipokuwa wanasubiri kuvuka barabara, mwanamke mmoja wa kanisani aliyesimama ukingoni aliwaona, akainama kuchungulia.

"Mama Lusu, kwema? Mtoto hajambo?"

"Hajambo," Tupokigwe alisema. "Tunamshukuru Mungu."

Bajaji ikaondoka. Jovina alimgeukia polepole, akamtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Umesema nini wewe?"

Tupokigwe hakuwa na hakika alichosema.

Walilazwa wodi ya walioungua, na huko walikaa hadi shule zikafunguliwa na kuzoeleka. Walimkata ngozi pajani wakamshonea mkononi. Jeraha lilipona kwa nje, lakini vidole vilijikunja ndani kama vya mtu aliyeficha kitu kiganjani, vikakataa kufunguka. Ulikuwa mkono wa kuandikia. Brightson alikuja kutoka Kigamboni na nguo za kazi, akasimama kando ya kitanda, akauliza swali moja tu. "Uliniambia umewaambia?" Mkewe alipolia, alitoka nje akakaa kwenye ngazi hadi muda wa kuona wagonjwa ukaisha. Hakumlaumu tena baada ya hapo. Aliongea naye habari za chakula na za nauli, kwa upole, kama anavyoongea na mama mwenye nyumba.

Kibanda nacho kilikwisha. Alirudi akakifagia, akawasha jiko, akakanda unga. Wanafunzi walipita upande wa pili wa barabara wakimsalimia kwa heshima zote, "Shikamoo, Mama Lusu," na kwenda kununua mbele.

Jioni moja Jovina alimkuta uani anamwaga maandazi ya jana kwa kuku wa jirani. Alivuta ndoo akaigeuza, akaikalia.

"Mie mtoto nimemwita kikojozi," alisema. "Mbele za watu. Kila siku ya Mungu. Na wewe umekaa hapo unanisikia tu, unatabasamu. Kwa nini hukuniambia?"

"Ungehama."

Jovina alifungua mdomo, akaufunga. Alikwaruza tope kwenye ndala yake kwa kijiti.

"Labda ningehama," alisema mwisho. "Siwezi kukudanganya, Mama Lusu. Labda ningehama."

Jumatano ya mwisho wa mwezi walikwenda pamoja. Tupokigwe hakumvalisha Lusungu gauni la Sikukuu. Mkono uliofungwa bandeji haukupita kwenye mkono wa gauni. Benchi lilikuwa limejaa na hakwenda mapema. Zamu yake ilipofika, Daktari Adelard aliinua macho, akaona bandeji, kalamu ikabaki hewani.

"Mama. Imekuwaje?"

Aliongea kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia nje ya kwaya. Alisema kifafa. Alisema mtoto hakuwahi kuacha kuanguka, hata mwezi mmoja. Alisema habari za mashuka, za ulimi, za alfajiri, za karai. Pazia halikuwa na kazi tena. Nyuma yake alisikia benchi likilia, watu wakisogea, na alijua bila kugeuka kwamba wanasogea upande wa kumkimbia. Daktari aliandika, akaacha kuandika, akavua miwani.

"Nilikuuliza, mama. Kila mwezi nilikuuliza. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja uniulize mara ya pili, baba."

Daktari alimtazama. Ilikuwa wazi kwamba hakuelewa, na Tupokigwe hakuona namna ya kumweleza. Angeanzia wapi? Kwa wageni wa Tukuyu, kwa chai? Kulikuwa na watoto wengi wanalia kwenye foleni.

Dawa ilirudishwa juu, juu kuliko mwanzo. Kuhusu vidole, daktari alisema kuna bingwa wa upasuaji wa watoto ambaye huja mara chache, atawaandikisha.

"Vitanyooka?" aliuliza Tupokigwe.

"Vitasogea kidogo, Mungu akipenda. Kama zamani, hapana, mama. Sitaki nikudanganye. Aanze kujifunza kushoto."

Kisha daktari akavuta kiti chake hadi karibu na Lusungu, akainama nyuso zao zikawa sawa, na kwa mara ya kwanza tangu waanze kuja ukumbini pale akashusha sauti.

"Na wewe, Lusungu, unaendeleaje?"

"Shikamoo, daktari. Sijambo."

Alilisema vizuri, kwa utulivu, macho yameinama, mkono wa bandeji ameulaza mapajani. Tupokigwe alichuchumaa mbele ya mtoto wake, akamshika magoti.

"Mwambie daktari kweli, mwanangu. Hatakuchukia. Mwambie."

Lusungu aligeuza kichwa akalitazama benchi kupitia pembeni mwa pazia, watu wote waliokuwa wanamtazama. Akamtazama mama yake kuona kama kweli anaruhusiwa. Mtu mmoja kwenye foleni akakohoa kwa kukosa subira, na sauti ya Jovina ikasikika ikimwambia anyamaze.

"Mkono unauma," alinong'ona. "Na kabla sijaanguka naonaga mwanga. Hata shuleni. Naona mwanga, halafu sisikii mwalimu anasema nini, halafu wanasema nimezubaa. Hata siku ile ya maandazi niliuona."

"Tangu lini?" mama yake aliuliza.

"Zamani."

"Mbona hukuniambia, Lusu? Kila asubuhi si nilikuwa nakuuliza?"

Mtoto alifikiri. Alitaka kujibu vizuri, kama alivyofunzwa.

"Ulikuwa unaniuliza nimeamkaje, mama," alisema. "Mie nakwambia salama."